Rubani Aliyekuja kwa Miguu

Juru, Nakivale
4 Februari 2024

Binti yangu Benitha,

Bwana asifiwe sana. Barua hii na daftari mbili zinakujia kwa mkono wa Muhirwa, yule dereva wa taksi ya asubuhi. Ameniahidi kuzifikisha mpaka mlangoni pa duka lako la kuchapa na kutoa kopi, hapo Nyamityobora. Usinipigie simu. Unajua masikio yangu yalikufa siku ile kijiji chetu cha Gishyoza, kule Kongo, kiliposhambuliwa. Mtu akisema nami kwenye simu nasikia kama upepo ndani ya chupa. Hapa nyumbani jirani yangu Pascasie, yule Mrundi, huniandikia kwa chaki kwenye kibao, nami namjibu kwa mdomo. Tumezoea.

Sasa kazi yenyewe. Unakumbuka somo nililowafundisha hapa kambini ulipokuwa darasa la sita, la mwaka 1940? Majenerali wa Ufaransa waliamini kwamba Wajerumani hawawezi kupitisha vifaru katika msitu wa Ardenne. Basi wakapeleka askari wao bora kaskazini, Ubelgiji, na upande wa msitu wakaacha watu wachache, wengi wao baba wa watoto walioitwa kutoka mashambani. Wajerumani wakapita msituni. Wakavuka mto Meuse pale Sedan, na wiki sita hazikwisha Ufaransa ikawa imeanguka.

Lakini liko jambo ambalo vitabu vinalipitia kwa sentensi moja. Marubani waliona. Waliruka juu ya msitu, wakaona magari yamebanana kwenye vijia, wakarudi wakasema. Hawakuaminiwa.

Mimi naandika vita vile kama vingepiganwa kwa namna nyingine. Katika kitabu changu rubani anaaminiwa. Jenerali anarudisha jeshi lake la akiba kutoka kaskazini, anavunja madaraja ya Meuse, na ndege zinaupiga msafara ungali umekwama kati ya miti. Vita vinaisha kabla ya mavuno. Nimepanga kila kikosi, siku kwa siku. Ni kazi ya miaka kumi na tano.

Nichapie, mwanangu. Mwandiko wangu wewe tu ndiye unayeuweza.

Mwalimu wako,
Natanaeli Gatete


Nyamityobora, Mbarara
17 Februari 2024

Mwalimu wangu,

Bwana asifiwe. Daftari la kwanza limekwisha. Wateja wakiona ramani zako mezani wananiuliza kama nimeingia jeshi. Mmoja, mwalimu wa sekondari hapa mjini, alisimama akasoma kurasa nne nilizochapa huku kopi zake zikimngoja. Alisema mtu aliyeandika hivi alipaswa kuwa chuo kikuu.

Nina swali dogo. Kwenye ramani ya Sedan, karibu na mto, umeandika "fasi ya kunyweshea ng'ombe". Niiache, au niandike "mahali"?

Na nina swali kubwa, na ninaliandika haraka kabla sijaogopa. Unamjua Ngabo, fundi wa pikipiki. Tumekubaliana kuoana. Lakini shangazi yake ni mama Uwamariya wa kanisani kwenu Juru, na amesema ukoo wao hautapeleka ng'ombe kwa ajili ya binti wa Nyirabizimana. Unajua wanachosema juu ya mama yangu. Kwamba jioni, siku moja kabla ya kijiji kushambuliwa, alionekana akiingia msituni peke yake, na alfajiri wale watu wakatokea msitu huohuo. Kwamba alikwenda kuwaita.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nasoma Uvira kwa mama mdogo. Sikuona chochote. Nilipofika Nakivale ndipo nilipoambiwa, na aliyeniambia ni mtoto mwenzangu kwenye foleni ya maji. Ndiyo sababu nilihamia Mbarara, Mwalimu, si kwa ajili ya kazi ya kompyuta.

Wewe ulikuwepo. Ulikuwa katibu wa kijiji. Mama yangu alikwenda kufanya nini msituni?

Benitha


Juru
28 Februari 2024

Binti yangu,

Ng'ombe wa Sedan waache. Hata Ufaransa kuna ng'ombe.

Nakutumia daftari la tatu. Humo utaona tarehe 12 Mei, siku ambayo yote yangeweza kugeuka. Angalia ramani kwa makini. Adui ana njia nne tu msituni, nyembamba, na magari yake yamefuatana pua na mkia kuvuka mpaka hadi nchi ya pili. Hawezi kugeuka, hawezi kujificha. Jeshi lililomo katika hali hiyo si jeshi, ni foleni. Kinachohitajika ni mtu mmoja tu mwenye madaraka aseme: nimesikia, naamini, geuzeni bunduki upande huu. Haihitaji ushujaa. Inahitaji mtu akubali kwamba ramani aliyoichora jana ina makosa.

Kuhusu mama yako, mimi nilikuwa shuleni siku hiyo na sikuona kitu. Watu wakiwa na msiba hutafuta pa kuuweka. Wewe mwombe Mungu, na Ngabo kama ni mwanaume atasimama.

Pascasie anakusalimu. Maharage yamekubali mvua.

Natanaeli


Nyamityobora
12 Machi 2024

Mwalimu,

Nimefika ukurasa wa 31 wa daftari la tatu na mikono imekataa. Nanakili kama ulivyoandika, sijagusa neno:

"Saa nane mchana rubani alifika makao makuu. Jenerali alikuwa ubaoni. Rubani alibisha hodi, akavua viatu mlangoni. Kitenge chake kilikuwa kimelowa mpaka magotini na kimejaa vijiti vya msituni. Akasema: Mwalimu, niliona batu. Beko mingi. Banatoka mu pori upande wa maji. Jenerali akamwambia: usitishe watu. Rudi, niletee kitu cha kuthibitisha."

Rubani gani anavaa kitenge, Mwalimu, na watu anawaita "batu" kama sisi wa Gishyoza? Nani anamwita jenerali "mwalimu"?

Halafu nenda ukurasa wa 44, pale vita vimekwisha kabla ya mavuno na watu wa Sedan wamerudi makwao. Umeandika kuhusu msichana anayetoka shule ya mbali kwa gari la mizigo, na mama yake anamngoja penye zizi akiwa na maziwa. Nimesoma hapo nikafunga duka, ilikuwa bado saa nne asubuhi.

Sitaki kuelewa vibaya. Nieleze.

Benitha


Juru
20 Machi 2024

Benitha,

Ilikuwa homa. Mwezi wa kwanza nililala siku tisa, muulize Pascasie. Mtu mwenye homa anachanganya. Nakutumia ukurasa mpya wa kubandika juu ya ule wa 31. Ule wa zamani uuchome.


Saa kumi, siku hiyohiyo

Nimeusoma tena ule ukurasa mpya kabla ya kuufunga ndani ya bahasha, na sikuuweka. Nimeuandika mara tatu leo. Mara zote naanza na ndege, naanza na kofia ya ngozi na miwani ya rubani, naandika jina la Kifaransa la rubani. Na mara zote, nikifika mlangoni pa jenerali, anavua viatu.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Mimi ni kiziwi. Muhirwa akipiga honi nyuma yangu sigeuki. Lakini mchana, niko peke yangu na daftari, nasikia hodi. Sauti moja, mara mbili, kwa upole, ya mtu asiyetaka kusumbua darasa. Nainuka nafungua. Kuna jua na kuku wa Pascasie.

Usiendelee kuchapa. Mpe Muhirwa daftari zote anirudishie. Kitabu hiki kimeharibika.

N.


Nyamityobora
7 Aprili 2024

Mwalimu Natanaeli,

Daftari sirudishi.

Jana wazee wa kina Ngabo walikuja Mbarara kwa mama mdogo wangu, yule wa Uvira, anayeishi huku sasa. Walikuwa wanne, na mama Uwamariya akiwa wa tano. Tulikuwa tumepika. Hakugusa chakula, hata maji. Alisimama mbele ya wote akasema: "Mimi nilizika watoto babili siku moja. Balikuwa balinzi kwa barabara, bakapigwa toka nyuma. Mwenye aliwaleta wale batu nyuma yao ni mama wa huyu. Namna gani damu yake iingie mu nyumba yangu?"

Ngabo alikuwa amekaa palepale. Aliangalia viatu vyake.

Sikulia. Nilitaka kusema mama yangu hakufanya hivyo, na nikagundua sijui. Miaka kumi na tano nimemtetea moyoni na sijui ninachokitetea. Mwalimu, mimi mwenyewe nimewahi kumshuku. Kuna usiku mwingi nimemshuku mama yangu. Unaelewa ninachokuambia?

Nina ukurasa wa 31. Uniambie wewe, au niupeleke kanisani Juru nikausome kwa sauti mimi.

Benitha


Juru
15 Aprili 2024

Binti yangu,

Nimekaa na karatasi hii siku tano.

Gishyoza ilikuwa na njia mbili za kuingia. Barabara ya malisho, wazi, ambayo mtu anaonekana kutoka mbali. Na msitu, upande wa mto, mahali pa kunyweshea ng'ombe. Habari zilipokuja kwamba vijiji vya jirani vimechomwa, wazee waliniita wakaniambia: wewe umesoma mambo ya vita, tupange namna gani? Nilijisikia mkubwa. Nikachora ramani kwenye ubao wa darasa la sita. Nikasema msitu ule ni mzito na umejaa matope, kundi kubwa haliwezi kupita na silaha. Vijana wote walinde barabara. Nilisema hivyo mbele ya ubao uleule ambao kila mwaka niliwafundishia watoto kosa la Ardenne. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimelifundisha. Siku nilipolifanya sikulitambua.

Siku moja kabla ya shambulio, saa nane mchana, mama yako alibisha hodi. Baba yako alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa, na Nyirabizimana alichunga ng'ombe wa watu. Msitu aliujua kuliko wanaume. Alivua viatu mlangoni kwa sababu darasa lilikuwa limepigwa deki. Kitenge chake kimelowa.

Akasema: "Mwalimu, niliona batu. Beko mingi. Bamekata njia toka kule kwa maji."

Nikamwuliza: "Wangapi?"

"Sikuhesabia. Niliona moshi fasi tatu, na nikasikia mtu anacheka."

"Umesikia mtu anacheka."

"Ndiyo."

Wazee wawili walikuwa wamekaa nyuma, kwenye madawati ya watoto, wanangoja nimalize kuwaonyesha zamu za ulinzi. Wote wawili wamekwishakufa. Walinitazama. Kama ningesema mama huyu anasema kweli, ningefuta ramani yangu mbele yao. Chaki ilikuwa mkononi. Kifutio kilikuwa hapo, juu ya meza. Nikamwambia: "Mama Benitha, usitishe watu. Hao ni wakata mbao."

Akanitazama. Hakukasirika. Akavaa viatu vyake akatoka. Jioni akarudi msituni, nadhani kwenda kuangalia tena. Alfajiri wakaja kwa upande ule aliousema. Sikuonana naye tena.

Baadaye, tukiwa njiani kukimbia, nilisikia watu wakianza kusema alikwenda kuwaita. Sikio moja lilikuwa bado linasikia kidogo. Nilisikia vizuri. Nikanyamaza. Tulipofika hapa nikanyamaza. Ulipokaa darasani kwangu, dawati la mbele, nikanyamaza.

Hayo ndiyo yaliyokuwa.

Natanaeli


Nyamityobora
18 Aprili 2024

Umesema mama alirudi msituni mwenyewe, "nadhani kwenda kuangalia tena".

Ukurasa wa 31, jenerali anamwambia rubani: "Rudi, niletee kitu cha kuthibitisha."

Nani anasema kweli, wewe au daftari?

B.


Juru
22 Aprili 2024

Daftari.

Alikuwa ameshafika mlangoni, ameinama anavaa viatu. Nilimwambia: "Kama ni kweli, niletee hata kitu kimoja. Kofia, risasi, chochote. Ndipo nitawaamsha watu." Akasema: "Sawa, Mwalimu." Mimi ndiye niliyemtuma. Nilitaka tu aondoke mbele ya wazee.

Alikwenda kuniletea ushahidi.

Natanaeli


Nyamityobora
30 Mei 2024

Mwalimu,

Muhirwa amesimama hapa dukani mara tano akiniuliza kama nina barua ya kupeleka Juru. Mara tano nilimwambia hakuna. Ya sita ndiyo hii.

Kwanza nilitaka kuja kukupiga. Nakuambia ukweli. Nilifika mpaka stendi. Kisha nikakumbuka ulivyonifundisha kusoma Kifaransa, ulivyokuwa unanitafutia madaftari kila muhula na wenzangu wakinionea wivu. Nilidhani unanipenda. Sasa kila daftari nililopewa nalirudia kichwani na sijui lilikuwa nini. Umeninyang'anya hata hilo.

Nilisoma kitabu chako chote tena. Ni kizuri. Ufaransa haianguki, madaraja yanavunjwa kwa wakati, na mamilioni ya watu wanarudi kulima. Umewaokoa Wazungu wote hao usiowajua, kijiji kwa kijiji, na kwa miaka kumi na tano umemwacha mama yangu mmoja aitwe msaliti umbali wa kutembea kwa miguu kutoka nyumbani kwako. Kila Jumapili ulikaa kanisa moja na mama Uwamariya.

Sikuombi uniombe msamaha. Usiniandikie neno hilo, sina pa kuliweka. Nataka kitu kimoja. Simama kanisani, ibada ya Jumapili, watu wote wakiwepo, useme. Utaje jina lake lote: Nyirabizimana. Usiseme "mama mmoja". Useme alikuja, alisema nini, ulimjibu nini, na kwamba ulimtuma. Usitaje Ufaransa. Ukitaja Ufaransa nitajua umejificha tena.

Benitha


Juru
10 Juni 2024

Benitha,

Jana nilisimama.

Pascasie aliacha misa yake akaja nami, ili aniandikie watu watakachosema. Nilimwomba Pasta Niyonshuti dakika chache baada ya matangazo. Alidhani nataka kutoa shukrani. Nilikwenda mbele. Sijui sauti yangu ilikuwa kubwa au ndogo, mimi siisikii. Pascasie anasema nilipiga kelele.

Nilisema yote. Nilitaja jina lake mara sita. Nilisema Nyirabizimana aliona, Nyirabizimana alikuja kutuonya, mimi nilimkataa kwa kiburi, nikamtuma arudi kwenye kifo, na nikaacha mumwite msaliti kwa sababu ilinifaa. Ufaransa sikuitaja.

Nilipomaliza niliona midomo mingi inakwenda kwa pamoja. Niliangalia kibao. Pascasie aliandika: "Pasta anasema ukae." Sikukaa. Akaandika: "Mzee wa nyuma anasema umezeeka, unachanganya." Nikasema hapana, nina daftari, na Benitha analo. Akaandika: "Wengine wanalia." Akaandika: "Wawili wametoka." Kisha akaacha kuandika, kwa maana mama Uwamariya alikuwa ameinuka kwenye benchi lake, na anakuja.

Nilidhani atanipiga, nikashusha mikono. Alisimama karibu kabisa. Hajui kusoma, kibao hakikuwa na maana kwake. Alinishika mkono wa kulia akauweka kooni mwake, hapa mbele, akaanza kusema. Nilisikia koo likitetemeka chini ya vidole vyangu. Alisema kwa muda mrefu. Sijui alisema nini. Nilimtazama Pascasie, na Pascasie alikuwa amegeuza kibao uso chini. Hata leo amekataa kuniambia.

Leo asubuhi watoto wa jirani ambao huja kujifunza hesabu hawakuja. Mlangoni mtu ameweka matope. Sikuyatoa.

Nimefanya ulichotaka. Sikuandikii ili unisifu.

Natanaeli Gatete


Nyamityobora
3 Julai 2024

Mwalimu,

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo unapaswa kulijua, na nisingependa ulijue kwa chaki.

Ngabo alikuja wiki iliyofuata ile Jumapili. Alitoka moja kwa moja Kikagate alikokwenda kutafuta vipuri, amejaa vumbi, anacheka. Anasema sasa mambo ni mazuri, wazee wamekubali, tupange siku. Nilimwuliza: "Mama yangu wa mwezi wa nne na mama yangu wa mwezi wa sita ni wawili?" Hakunielewa. Nilimwambia arudi akafikirie, akielewa aje. Mpaka leo hajaja. Inaniuma kuliko nilivyodhani, lakini nakula, nalala.

Jana saa tano asubuhi mtu alisimama mlangoni pa duka bila kuingia. Wateja walikuwa wawili, wakamwambia pita mama, akakataa. Nilipoinua macho nikaona ni mama Uwamariya. Alikuwa amekuja kwa gari la Muhirwa, na mkononi ana karatasi imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Nilimaliza kopi za wale wateja. Mashine ikanila karatasi mbili. Walipotoka, nilimpa kiti. Hakukaa mpaka nilipokaa mimi.

Akasema: "Binti, hii ni orodha ya bafu betu ba Gishyoza, bale balikufa siku ile. Pasta anaisoma kila mwaka siku ya kumbukumbu. Iko ya zamani, imeharibika. Bananiambia wewe unaandika na mashine."

Niliifungua. Majina arobaini na mawili, mwandiko wa pasta, nyumba kwa nyumba. Unajua jina ambalo halimo. Miaka yote karatasi hiyo ilisomwa mimi nikiwa nimesimama nje ya kanisa, kisha nikaacha hata kuja.

Nilianza kuchapa. Alikaa kando yangu, anafuata kioo kana kwamba anasoma. Kila jina nilimtamkia, naye anatikisa kichwa. Tulipofika kwenye nyumba yake nilitaja mwanawe wa kwanza, nikataja wa pili. Akaniwekea mkono begani, nikasimama.

Akasema: "Hapo. Muweke hapo, na batoto bangu."

Nikamwambia: "Mama, orodha ni ya nyumba kwa nyumba. Yeye alikuwa na nyumba yake."

Akasema: "Najua. Miaka kumi na tano nilimtukana ku kila maombi. Muache alale kwangu."

Niliandika Nyirabizimana chini ya wanawe wawili. Nikatoa kopi. Aliniomba nimwonyeshe kwa kidole liko wapi, nikamwonyesha, akaweka kidole chake mahali hapo akakaa nacho hivyo mpaka Muhirwa alipopiga honi nje, wakati wa kurudi Juru. Hakuniomba msamaha na mimi sikumpa. Kabla ya kutoka alikunywa maji, glasi nzima, akaniachia glasi.

Kumbukumbu itakuwa Jumamosi tarehe 13. Nitakuja. Nitakaa upande wa wanawake, benchi la mama Uwamariya, amenishikia nafasi. Pasta ataisoma orodha mpya, majina arobaini na matatu.

Usije kunisalimia, Mwalimu. Bado siwezi. Lakini uwepo.

Benitha, binti wa Nyirabizimana